Gari la kupima kansa ya matiti: kibali kisiishie kwenye mashine

Kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, miji yetu inavaa rangi ya waridi. Kuna matembezi, kuna tisheti, kuna hotuba, na kuna hospitali zinazotangaza redioni kwamba wamama waje wapimwe matiti bure kwa muda wa wiki moja. Kama mwandishi wa habari nimefuatilia sherehe hizo mara nyingi, na kila mara nimekuta wanawake wale wale: walimu, wafanyakazi wa mashirika, wake wa watumishi wa serikali, wenye maduka karibu na balabala ya lami. Sijawahi kukutana na mama aliyeshuka kutoka Numbi ao Bunyakiri, mzigo mgongoni, kwa ajili ya kipimo hicho. Mama huyo akishuka, anashukia sokoni.

Ndiyo maana wazo la kumpelekea kipimo kule aliko linavutia watu wengi. Gari lenye mashine ndani linafika kijijini, wamama wanapanga mstari, jioni linaendelea na safari. Huko Afrika Kusini malori ya shirika la PinkDrive yamekuwa yakifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Kwetu pia wazo hilo linarudi kwenye mikutano ya mashirika, na wanaolitetea wanalalamika juu ya jambo moja: vibali. Wanasema karatasi zinachelewa wakati wamama wanakufa.

Ninawaelewa, lakini nitasema jambo ambalo baadhi yao hawatalipenda. Kibali hicho kije haraka, ndiyo. Kisiwe rahisi. Tena kisitolewe kwa mashine peke yake.

Nieleze kwanza habari ya mama yangu mdogo, maana bila yeye nisingekuwa na neno la kusema hapa. Aliishi katika milima ya teritware ya Kalehe, mama wa watoto sita, mkulima wa maharagwe na mihogo. Siku moja akiwa anaoga, vidole vyake viligusa kitu kigumu ndani ya ziwa la kushoto, kadiri ya punje ya hindi. Hakikuuma. Kwa sababu hakikuuma alinyamaza miezi miwili kabla ya kumwambia mume wake, kisha akaenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpa antibiotiki, kwani kwake uvimbe wa ziwa la mama aliyenyonyesha ni usaha. Akarudi mara ya pili, akapewa antibiotiki nyingine. Mara ya tatu hakurudi. Alienda kwa mzee wa miti shamba, akapakwa majani. Simlaumu muuguzi yule. Alikuwa anatibu malaria, kuhara, vidonda vya risasi na kuzalisha wamama, yote kwa mikono yake miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha titi lenye kansa linafanana namna gani.

Alipofika mjini, ngozi ya ziwa ilikuwa imeanza kuwa kama ganda la chungwa. Hospitali moja ilikata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Kipande kikatiwa ndani ya chupa, na chupa ikasubiri mtu wa kusafiri nayo. Tulingoja jibu wiki tisa. Mbuzi wawili waliuzwa kwa ajili ya kipimo, wa tatu kwa ajili ya chakula chake mjini. Jibu lilikuja kwenye karatasi moja ya Kifaransa. Muganga alitueleza kwa upole kwamba mgonjwa anahitaji dawa za kuua kansa, pengine kukatwa ziwa, pengine mionzi, na kwamba mionzi haipatikani jimboni. Tukiwa njiani kurudi nyumbani mama mdogo aliniuliza: “Mwanangu, sasa walinipima ya nini?”

Alifariki kabla ya mavuno ya maharagwe. Swali lake, mimi ningependa liandikwe juu ya kila faili linaloomba kibali cha kupeleka kipimo vijijini.

Tuangalie hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na kansa ya matiti ulimwenguni, na 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi zilizoendelea zaidi, mwanamke 1 kwa 12 atagunduliwa na kansa hiyo katika maisha yake, na 1 kwa 71 atakufa nayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini, ni 1 kwa 27 tu anayegunduliwa, lakini 1 kwa 48 anakufa. Kule wanagunduliwa wengi zaidi, huku tunazika wengi zaidi. Utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba miaka mitatu baada ya kugunduliwa, nusu tu ya wanawake walikuwa bado hai. Kongo haikuwemo katika utafiti huo, wala sioni sababu ya kufikiri kwamba sisi tungefanya vizuri kuliko wao.

Sasa kibali. Kifaa cha matibabu kinachoingia nchini kinapita mikononi mwa ACOREP, mamlaka ya kitaifa inayosimamia dawa na bidhaa za afya. Kama kifaa kinatoa mionzi, kama mamografia inavyofanya, kuna pia CNPRI, kamati ya kitaifa ya kinga dhidi ya mionzi. Halafu kuna wizara ya afya, divizio ya afya ya jimbo, na mwishoni zoni ya afya ambamo gari litasimama. Ni milango mingi, na mtu mwenye nia njema anachoka kabla hajafika kwa mgonjwa wa kwanza. Hata hivyo kuna sababu za kuwa na milango.

Marekani walipitisha sheria yao ya ubora wa mamografia mwaka 1992. Kanuni zilizotokana na sheria hiyo zina kipengele juu ya mashine zinazohamishwa: kila mahali mashine inapofikishwa, kabla mwanamke wa kwanza hajapimwa, lazima wahakikishe kwamba picha inayotoka ni safi. Na hao wanasafiri kwenye lami! Fikiri sasa gari hilo hilo kati ya Sake na Masisi wakati wa mvua, ao kwenye balabala ya Bunyakiri kuelekea Hombo. Likifika, kila kitu kilichofungwa ndani kimetikisika. Mashine iliyotikisika inaweza kukosea kwa namna mbili: kuficha kansa iliyopo, na mama akarudi nyumbani anacheka, ao kuonyesha kansa isiyokuwepo, na mama akauza shamba kwa ajili ya ugonjwa ambao hana. Kama kibali hakisemi nani atapima mashine kila inapohama, na kwa kifaa gani, basi hakuna kilichoruhusiwa isipokuwa gari kutembea.

Kuna pia vifaa vyepesi, vya bei ndogo, vinavyotangazwa kwamba vinaona kansa bila mionzi na bila maumivu. Kamera ya joto ni mfano mmoja. Mwaka 2019 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, ilirudia kuwaonya wanawake kwamba kamera hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mamografia, na kwamba anayeitegemea peke yake anaweza kuchelewa kugundua ugonjwa wake. Kifaa kama hicho kikifika kwenye kijiji cha Walungu kikiwa na taa zinazowaka na kijana aliyevaa koti jeupe, nani atakibishia? Mkaaji wa kijiji hana namna ya kujua. Mwenye kazi ya kujua kwa niaba yake ni yule anayetia muhuri.

Lakini swali kubwa zaidi ni kama tunahitaji mashine hiyo kwanza. Mamografia inafanya kazi nzuri kwa wanawake waliopita miaka 50. Kwa mwanamke kijana, titi lina nyama nzito ambayo kwenye picha inatokea nyeupe, na kansa nayo inatokea nyeupe. Ni kama kutafuta chumvi ndani ya unga. Katika Afrika yetu wagonjwa wengi ni wanawake wa umri mdogo kuliko wale wa Ulaya. OMS yenyewe, katika msimamo wake wa mwaka 2014, haikuzishauri nchi zenye mfumo dhaifu wa afya kukimbilia mamografia kwa wanawake wote. Ilizitaka zianze na kugundua mapema wale wenye dalili na kuwatibu bila kuchelewa. Maneno hayo hayapendezi kwenye picha ya uzinduzi. Mkono wa muuguzi haukatiwi utepe.

Na mkono huo si kitu kidogo. Mjini Mumbai, nchini India, wanawake wapatao 150,000 wenye miaka 35 hadi 64 walifuatiliwa kwa miaka ishirini. Nusu yao walichunguzwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili, na waliowachunguza hawakuwa waganga. Walikuwa wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kansa zilionekana mapema zaidi, na kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo vifo havikupungua, na sitaki kuficha hilo: mkono si muujiza. Lakini mkono hauhitaji jenereta, hautikisiki balabalani, na unabaki kijijini siku ambayo gari limeondoka.

Kwa hiyo mimi sipingi gari. Ningelipenda gari lenye wauguzi wawili waliofundishwa vizuri, mashine ndogo ya ekografi ya kuangalia uvimbe uliosikika kwa mkono, na sindano za kuchukua kipande cha nyama hapo hapo. Gari la namna hiyo lingefundisha titulere wa kituo na reko wa kila kijiji wakati linapima, ili likirudi baada ya miezi sita likute wamama waliokwisha kuchaguliwa. Hakuna mionzi, kwa hiyo mlango mmoja wa vibali unapungua. Mamografia inaweza kuja baadaye, mjini kwanza, mahali penye umeme na mtu anayejua kusoma picha.

Majirani zetu wa Rwanda walianza karibu na njia hiyo. Katika wilaya ya Burera, si mbali sana na mpaka wetu, hospitali ya Butaro ilifungua kituo chake cha kansa mwaka 2012. Watafiti walipowauliza wagonjwa wa titi wa huko muda waliopoteza, walikuta kwamba wengi walitumia zaidi ya mwaka mmoja tangu dalili ya kwanza hadi kujulikana kwa ugonjwa, na kwamba kuchelewa kwa vituo vya afya kulikuwa kukubwa sawa na kuchelewa kwa mgonjwa mwenyewe. Baadaye wauguzi wa vituo na wajumbe wa afya wa vijiji walifundishwa kutambua dalili, na mahali pa kuwatuma wagonjwa palikuwepo. Sisi tunapenda kusema kwamba wamama wetu wanachelewa kwa ajili ya ujinga na waganga wa miti. Mama mdogo alifika kituoni mara mbili kabla ya kwenda kwa mzee wa majani.

Hapa ndipo kibali kinapaswa kuwa kikali kuliko mahali pengine popote. OMS imeweka kipimo kinachoeleweka hata na mtu asiye muganga: kutoka siku mama anapoonyesha uvimbe hadi siku anapojua ni nini, zisipite siku 60. Mama mdogo alimaliza siku 63 akingoja chupa tu. Basi mwenye gari aulizwe, kabla ya muhuri: chupa yako inaenda maabara gani? Nani ameweka sahihi ya kuipokea? Inasafiri kwa feza ya nani? Jibu linarudi kwa njia gani mpaka kwa mama asiye na simu? Na likisema ni kansa, ni hospitali gani imekubali kumpasua na kumpa dawa, kwa bei gani? Mionzi, kwa mgonjwa wa huku, ni safari: Kinshasa, Kigali ao Kampala. Hilo halitabadilika kesho. Lakini kansa iliyogunduliwa ingali ndogo mara nyingi inaweza kuanza kutibiwa kwa kisu na dawa, na mpasuaji wa hospitali kubwa za Goma ao Bukavu anaijua kazi hiyo. Mwenye gari asiyekuwa na majibu arudishwe akayatafute, hata kama gari lake ni jipya na amelileta bure.

Jambo lingine ambalo watu wa Kinshasa na wa Ulaya wanasahau: huku kwetu gari lenye wageni si gari tu. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, Beni, Butembo na Mangina waliona jipu nyeupe nyingi kuliko walizowahi kuona katika maisha yao, huku watu wakiendelea kuuawa kwa mapanga na hakuna jipu inayokuja. Watu walikasirika, na baadhi ya vituo vya matibabu vilishambuliwa. Chanjo ile ilikuwa bado haijapata kibali kamili. Ilitolewa kwa masharti maalumu, mtu mmoja mmoja akielezwa na kukubali, na mwishowe zaidi ya watu 300,000 wakachanjwa. Katika habari hiyo ninaona mafunzo mawili. La kwanza, ruhusa yenye masharti inawezekana Kongo, na inaweza kufanya kazi. La pili, masharti yenyewe hayatoshi kama hakuna mtu wa kijiji anayesimama mlangoni mwa gari. Mwanamke hatamvulia nguo yake mgeni asiyemjua, mwanamume hasa, kwa sababu tu ana karatasi ya wizara. Atamvulia kama reko anayezaa naye, anayelima naye, ametangulia kuingia.

Nimeacha kwa mwisho jambo gumu zaidi. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na wa pili 2025, muhuri wa Kinshasa na balabala ya kijijini haviko tena mikononi mwa mtu mmoja. Shirika linaweza kupata ruhusa upande mmoja na kusimamishwa na upande mwingine kwenye kizuizi cha kwanza. Linaweza pia kuamua kwamba, kwa kuwa hakuna anayeangalia, halihitaji ruhusa yoyote. Ninaogopa zaidi hilo la pili. Vita vimetuzoesha kupokea kila kitu kinacholetwa na kusema asante, dawa zilizokaribia kuharibika, mashine bila mtu wa kuzitengeneza.

Hata hivyo afya imewahi kuvuka mistari hiyo. Chanjo za mpox ziliruhusiwa na serikali katikati ya 2024, zikafika nchini mwezi wa tisa, na tarehe 5 mwezi wa kumi waganga wa Goma walikuwa wanachanja, mapigano yakiendelea si mbali na mji. Ruhusa ilitoka ndani ya miezi michache kwa sababu kulikuwa na woga, na woga huo ulikuwa wa ulimwengu mzima. Kansa ya titi haiambukizi mtu wa Geneva. Hakuna atakayepiga simu usiku kuuliza kibali kimefika wapi. Kwa hiyo woga huo inabidi tuulete wenyewe: shirika raia, vyama vya wauguzi, makanisa ambayo vituo vingi vya afya ni vyao, na sisi wa vyombo vya habari tunaoenda kupiga picha tisheti za waridi na kurudi nyumbani. Wenye bunduki, wa pande zote, waombwe jambo dogo: kama ACOREP imeruhusu kifaa na muganga mkuu wa zoni amekubali ratiba, chupa yenye kipande cha nyama ya mama ipite bila kufunguliwa na bila kulipishwa.

Titulere mmoja wa upande wa Minova, niliyezungumza naye kwenye simu nikiandaa makala hii, hakuniuliza habari ya mashine hata kidogo. Alisema anaona mavimbe ya matiti mara kwa mara, na sasa amejua kwamba si kila uvimbe ni usaha. “Ila nikimwandikia mama karatasi ya kwenda mjini,” alisema, “ninaandika jina la hospitali gani? Na nimwambie abebe feza ngapi?”

Mwenye kuomba kibali aanzie hapo. Ajaze jina la hospitali, jina la maabara, idadi ya siku, na bei, kila kitu kwa falanga za Kongo. Kisha karatasi hiyo ya bei ibandikwe kwenye mlango wa gari, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili mama aisome kabla ya kupanda ngazi. Asiyejua kusoma asomewe na reko.